Mikunjo ya Kitambaa Cheupe

Najua wivu wangu ulianza lini. Ulianza Jumamosi, saa nane na dakika kumi mchana, mbele ya picha ya mama wa Kiholanzi aliyevaa nguo nyeusi, pale Mwalimu alipomwekea Salma mkono begani akamwambia, "Wewe ndiye utakayenisemea." Niliitazama saa yangu ya mkononi kwa sababu sikutaka kutazama pengine popote.

Ninayetaka kumwandika ni Mwalimu, lakini kila nikijaribu kumwandika bila wivu wangu anatoka nusu. Basi nauacha uingie.

Alizaliwa mwaka gani, na babu zake ni kina nani, sijui. Sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwa mwanamke wa kujieleza. Watu wa kwetu hapa Edmonton, London, wote walimwita Mwalimu kwa sababu jioni alisomesha watoto Kurani sebuleni kwake, ghorofa mbili juu yetu. Mchana alikuwa mlinzi kwenye jumba moja la picha katikati ya mji: anakaa kwenye kiti karibu na mlango, anaangalia watu wasiguse. Na kabla ya yote hayo, huko Unguja, alikuwa mshoni.

Kina mama walimsema kwa hilo la jumba la picha. Mwalimu mzima wa chuo cha Kurani, anashinda na masanamu ya watu ukutani, wengine vifua wazi. Yeye alijibu jibu moja miaka yote: "Nyuso si zangu. Mie natazama nguo." Na ilikuwa kweli. Nilipokwenda naye mara ya kwanza niligundua kwamba macho yake yalikuwa hayapandi kupita kidevu. Angeweza kukwambia mama fulani ana shanga ngapi, mkono wa gauni lake umeshonwa vipande vingapi, na pindo limefumuliwa likarefushwa. Ukimuuliza kama mama huyo ni mzuri wa sura, hajui.

Salma ni binti wa mama mkubwa. Alikuja kutoka Unguja miaka mitatu iliyopita kukaa nasi na kusoma, na analala kitanda cha juu, mimi cha chini. Salma anaongea. Anaongea na dereva wa basi, anaongea na kina mama misibani, anaongea usingizini. Mimi nimezaliwa hapa. Kiswahili nakisikia chote, hata cha mafumbo, lakini nikifungua mdomo kinatoka Kiingereza, tena kidogo. Mwalimu aliniita Bi Kimya. Daftari hili alinipa yeye. Alisema kama ulimi unaona haya, mkono usione, andika. Kurasa kumi za mwanzo alinisahihisha kwa penseli nyekundu, halafu akanirudishia akasema sasa ni langu, hasomi tena. Nilidhani kupewa daftari maana yake nimechaguliwa.

Kukutana naye kulikuwa hivi. Unasema shikamoo, anasema marahaba, na wakati huohuo keshashika ukingo wa mkono wa nguo yako, anaugeuza ndani nje kutazama mshono. Alifanya hivyo kwa kila mtu. Alimfanyia imamu kwenye kanzu yake mpya, na imamu akasimama kimya kama mtoto anayepimwa, mpaka akaambiwa fundi kamwibia kitambaa. Alimfanyia mwalimu wangu wa skuli siku ya wazazi, Mama alipomwomba aje badala yake kwa kuwa yuko zamu. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu wa skuli alicheka, akasema gauni ni la mama yake, na wakazungumza habari za vifungo mpaka muda wetu ukaisha, alama zangu hazijatajwa.

Picha alizisoma vivyo hivyo, ila hakuweza kuzigeuza. Tulikuwa tunakwenda Jumamosi, sisi wawili, kabla Salma hajaja. Nasema hivyo ili ijulikane: mwanzo nilikuwa peke yangu. Alikuwa anazungumza polepole bila kunitazama, macho kwenye watalii. Bwana mmoja ana kola nyeupe ya lesi iliyopigwa wanga ikasimama shingoni kama sinia, na kichwa kimewekwa juu yake. "Huyu hawezi kuinama," alisema Mwalimu. "Hawezi kufunga kiatu wala kuosha kikombe. Ndiyo maana kavaa." Mtoto mwenye gauni jekundu na kofia ya utepe, nilidhani ni msichana. La, mvulana, zamani zao watoto wadogo wote walivishwa magauni, suruali inakuja baadaye, na siku ya kuvaa suruali ilikuwa sherehe. Nguo nyeusi nilidhani ya msiba, au ya watu wasiopenda makuu. Alinicheka. Nyeusi ya kweli, iliyokolea vile, ilitiwa rangi mara juu ya mara, na ilikuwa ghali kuliko nyekundu nyingi. Wale waliokuwa wanasema hatupendi kujionyesha walijionyesha kwa weusi.

Siku moja alinipeleka vyumba viwili tofauti kunionyesha wanawake wawili wa koo mbalimbali, wote na gauni moja la atilasi, hariri ya kung'aa, ya rangi ya maziwa. Gauni lilelile, hata doa la kivuli kwenye kiwiko. La mchoraji, lilikuwa linatundikwa kwenye karakana yake, anayekuja kuchorwa analivaa. "Tazama bega la huyu," alisema. "Halimkai. Kaazima." Kisha akafurahi peke yake, akasema hata wao, na ufalme wao wote, waliazima nguo kama sisi harusini.

Na yeye mwenyewe? Kazini alivaa koti la kijivu la walinzi, beji kifuani, na mtandio wa kijivu alioununua makusudi ulingane. Viatu alivipiga rangi kila asubuhi. Lakini watu walimpita. Mtu aliyekuwa anajua habari za kila uzi uliomo chumbani, waliulizia kwake choo kiko wapi. Nilimuuliza, kwa Kiingereza changu kidogo, kama haimuumi. Alisema ukivaa koti lile hakuna anayekutazama, na asiyetazamwa ndiye anayeona sawasawa. Nililiandika hilo siku ileile kwa sababu nilidhani ananisema mimi.

Harusini alikuwa mtu mwingine kabisa. Yuleyule aliyetufundisha kila Ijumaa kwamba kujionyesha ni maradhi, harusini alivaa dhahabu mpaka viganja, na habari za sare alizisimamia kama askari. Kwetu mwenye harusi huchagua kitambaa, wanaomhusu hushona nguo za kitambaa hicho, na ukiingia ukumbini unaona mara moja nani ni wa ndani na nani kaalikwa tu. Mwalimu alikuwa anajua nani kapewa sare, nani kaisubiri hakupewa, na nani kajinunulia mwenyewe dukani akajifanya kapewa.

Harusi moja ya Ilford, Mama hakupewa. Alikuwa amepika kwa ajili ya watu wale siku tatu, na hakupewa. Mwalimu alikuwa na yake, imeshashonwa, Mama mwenyewe ndiye aliyeipiga pasi, kwa maana tangu vidole vya Mwalimu vianze kumuuma ni Mama aliyempigia pasi nguo zake zote za kutokea. Basi tukafika ukumbini, Mama kavaa gauni lake la buluu la siku zote, na Mwalimu akaingia baada yetu na dera la nyumbani, lile lililofifia, analosomeshea. Dhahabu juu ya dera la nyumbani. Akaja kukaa meza yetu ya mwisho, karibu na jikoni. Mwenye harusi alipokuja kumuuliza kulikoni, alisema sare imembana. Hakumwambia Mama neno. Ila nilimwona kamshika ukingo wa mkono wa gauni la buluu, anautazama mshono, muda mrefu kuliko kawaida.

Ndiyo maana ninachosimulia sasa kinaniaibisha zaidi.

Alikuwa anaacha kazi na kurudi Unguja moja kwa moja. Wakubwa wa jumba la picha walimwomba kabla hajaondoka asimame mbele ya picha moja aipendayo aizungumze dakika kumi, wenzake wa kazini na wageni wasikilize. Alikubali kwa sharti kwamba atasema Kiswahili. Nguo kajifunza kwa Kiswahili, alisema, hataki kuzisimulia kwa lugha ya kuelekezea watu choo. Kwa hiyo akataka mtu wa kumtafsiria.

Kiingereza cha Salma kina miaka mitatu. Changu kina miaka kumi na sita. Njia nzima kwenye treni siku ile nilikuwa nafanya mazoezi moyoni, atilasi naiitaje, wanga nauitaje. Kisha ikawa saa nane na dakika kumi.

Mimi nilipewa kitambaa. Mama wa Kiholanzi ana kitambaa cheupe cha kitani mabegani, na ukikitazama vizuri kina mistari ya mikunjo, miraba miraba, kama karatasi iliyokunjwa ikafunguliwa. Nilidhani hakuwa na pasi. Mwalimu alisema mchoraji hakusahau kitu. Nguo za tajiri zilikuwa zinakunjwa na kubanwa kwenye shinikizo, zinarundikwa kabatini dazani kwa dazani, na ile mistari inasema: hii nimeitoa leo, na nyuma yake zipo nyingine. Ni kama kanga mpya, mtu anaivaa na mikunjo yake ya dukani ili watu waone mpya. Basi alinikabidhi kipande cha kitani cheupe cha kwake, kizuri, cha zamani. Nikikunje mara nne, nikiweke chini ya godoro, nikilalie wiki mbili, na siku yenyewe nikilete kikiwa kimekunjwa. Atakifungua mbele ya watu.

Nikakilalia. Juu yangu Salma alikuwa anajifunza maneno kwa sauti, na maneno mengine akiniuliza, na mimi nikimjibu. Ndiyo, nilimsaidia. Alitamka vibaya neno la mahameli nikamwacha, halafu nikaona vibaya nikamrekebisha. Usiku wote wivu ulikuwa kama nimelalia kitu kigumu zaidi ya kitani. Alinunuliwa mtandio mpya kwa siku hiyo. Mama alimkumbatia, akasema mama mkubwa angeona. Mimi hakuna aliyesema angeona nini. Kitambaa?

Asubuhi ya siku yenyewe Mama alitoka mapema. Salma alikuwa bafuni, anaimba. Nilikitoa kitambaa chini ya godoro. Mikunjo ilikuwa imekaa vizuri sana, mikali, kama ya kwenye picha. Nikawasha pasi ya Mama. Sikufikiri muda mrefu, na sitaki kuandika kwamba sikujua ninachofanya. Nilipiga pasi mpaka kikawa kitupu kama ukuta.

Jumbani tulimkuta Mwalimu na koti lake la kijivu, watu wapata ishirini wamezunguka. Alikifungua kitambaa. Akakigeuza upande wa pili. Akanitazama. Nami nikasema, kwa Kiingereza, kwamba Mama kakipiga pasi, kwamba hakujua.

Watu wote wanaomjua Mama wangesadiki. Mama hupiga pasi foronya, taulo, na hata mfuko wa viatu vya mazoezi. Mwalimu akasema, "Ahaa," akakikunja taratibu akakiweka mkobani.

Kisha akaanza. Alisema vizuri mno, na Salma alitafsiri, akakosea mara kadhaa, na kila akikosea akajicheka na watu wakacheka naye. Walipofika kwenye mikunjo nilishusha macho. Mwalimu aliuacha mkoba wake umefungwa. Kisha akashika ukingo wa mtandio mpya wa Salma, ule uliotolewa kwenye mfuko wake asubuhi ile, na mistari ya dukani miraba miraba mabegani mwake, kitu ambacho Mama angalikuwepo nyumbani angalikinyoosha kwanza. Akamgeuza Salma awaelekee watu, sambamba na yule mama wa Kiholanzi. "Tajiri wetu huyu hapa," alisema. Salma alitafsiri hilo akiwa ameshika kiuno. Watu walipiga makofi. Mtu mmoja akaomba kumpiga picha.

Hivyo ndivyo nilivyofanya: nilimtengenezea Salma kiti cha enzi kwa pasi.

Siku chache baadaye, Jumapili jioni, Mwalimu akatuma salamu kwamba Bi Kimya apande amsaidie kufunga mizigo, peke yake. Ndege yake ilikuwa kesho yake mchana. Sebule ilikuwa tupu, mikeka imekunjwa, imebaki cherehani na sanduku moja wazi. Nilisema shikamoo. Alisema marahaba, na hakunishika mkono wa nguo. Hapo nikajua.

Alikuwa na kile kitambaa magotini. Akakitandaza juu ya cherehani, dirishani kwenye mwanga, akaniambia nisogee.

"Kazi ya mama yako nimeivaa miaka," alisema. "Mama yako hunyunyiza maji, hungoja, hupiga kwa kufuata uzi. Tazama hiki. Huku kimevutwa mshazari, pembe hii imekimbilia huku. Kimepigwa kikavu. Na hapa pasi imekaa mpaka ikaunguza kidogo. Mama yako hana haraka hii wala hasira hii."

Nilitazama. Ilikuwa kweli, pembe ilikuwa imekwenda upande. Mtu mwingine asingeona. Nilifungua mdomo, nikasubiri Kiingereza kije, hakikuja.

"Ni mimi," nilisema. "Niliona wivu."

Sauti yangu ya Kiswahili ilikuwa nyembamba, ya mtoto mdogo, kana kwamba yenyewe haikukua. Mwalimu hakuonyesha kushangaa.

"Wivu najua," alisema. "Nimekaa kwenye kiti kile miaka yote, unafikiri sikuwa naona wivu? Wanaingia wasichana wa skuli, wanapewa daftari na penseli, wanakaa chini kuchora, na mimi nawaambia wasisogee. Wivu si kitu. Lakini umemtia mama yako humo."

Nilisema najua. Akasema hapana, sijui bado. Kisha akanieleza, na hakunieleza kwa upole. Maneno alimpa Salma kwa sababu maneno hayamtishi Salma, na yakipotea anaokota mengine. Kitambaa kilikuwa kimoja. Kilikuwa cha mama yake yeye Mwalimu, alikuja nacho London ndani ya nguo yake alipokuja na sanduku dogo, na hakuwahi kumpa mtu mwingine akilalie. Wiki mbili. Aliniambia mimi nilikuwa nahesabu nani kasimama mbele, kama wale wanaoingia ukumbini kutafuta sare.

"Nimeumia," alisema, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema habari ya moyo wake.

Nikalia. Hakuninyamazisha. Aliendelea kupanga sanduku, akanipa madera nikunje, nikakunja. Baada ya muda nilimuuliza, kwa Kiswahili tena, kwa sababu sikuwa na la kupoteza, kama kweli hajawahi kutazama hata uso mmoja.

Alilaza dera moja sandukuni. Kisha akasema mmoja. Wa mama wa Kiholanzi, wiki iliyopita, watu walipokwisha kutoka. Alitaka kujua mtu mwenye vitambaa vyote vile kabatini anafananaje.

"Anafananaje?"

"Hana raha," alisema Mwalimu. "Anamwangalia mtu pembeni, nje ya picha. Sijui yule mwenzake kavaa nini."

Alinipa kitambaa. Hakusema ni zawadi. Alisema pembe ile inyooshwe kwa maji, ivutwe kwa mkono, polepole, na isipigwe pasi. Mlangoni ndipo akashika ukingo wa mkono wa sweta yangu, akaugeuza, akautazama, akaurudisha. Hakusema mshono ukoje.

Asubuhi yake nilitandika kitanda. Kitambaa kilikuwa chini ya godoro, kimelowanishwa, kimevutwa, kimekunjwa mara nne. Mama alikuwa jikoni anapiga pasi mashati yetu ya skuli, langu na la Salma, akiwa bado na nguo za zamu ya usiku. Nikasimama mbele ya meza. Nilimwambia kwa Kiswahili, yote, kuanzia pasi mpaka Mwalimu, na nikasema, "Mama, nilikusingizia."

Mama aliisimamisha pasi. Alinitazama, sijui alishangaa lipi zaidi, nililolifanya au lugha niliyolisemea. Kisha akaninyooshea mpini wa pasi, akaenda kukaa na chai yake, akanipa mgongo.

Nilinyunyiza maji. Nikangoja. Nikapiga shati langu kwa kufuata uzi, nikalitundika. Kisha nikachukua la Salma, nikalipiga vilevile, mikono, mgongo, na kola mara mbili. Lilipokwisha nikayatazama yote mawili mlangoni. Lake lilikaa vizuri zaidi. Nikaliacha hivyo.